Somo: Mkanda wa Mashine ya Kusaga – Kuuchagua na Kuutunza



Vikundi vingi vimenunua mashine ya kusaga kwa michango ya kidogo kidogo. Wanachama wanajua bei ya dizeli, na wanajua nyundo za kinu zikianza kuisha. Lakini ule mkanda unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye kinu hauangaliwi mpaka siku ukatike. Siku hiyo akina mama wamepanga foleni na madebe, na mkanda mwingine uko mjini. Basi tujifunze mapema.

KUCHAGUA MKANDA

Mashine nyingi za kijijini hutumia mkanda wa umbo la V. Mgongoni umeandikwa herufi na namba. Herufi ni upana wa juu: A ni milimita 13, B ni milimita 17, C ni milimita 22. Namba ni urefu wa ndani kwa inchi. Kwa hivyo B 75 ni mkanda wa upana wa B, wenye inchi 75. Mingine huandikwa kwa milimita, nayo B 1905 ni karibu urefu ule ule. Andikeni alama hiyo kwenye daftari la mashine leo, kabla haijafutika. Anayetumwa dukani aende na alama, asiende na kukisia.

Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, siyo kwa tumbo. Ukiona chini ya mfereji wa puli pamekuwa pang'avu, mkanda umezama. Labda umelika, au mfereji wenyewe umepanuka. Puli ikiwa imelika, mkanda mpya utaharibika upesi.

USINUNUE MMOJA PEKE YAKE

Hapa ndipo vikundi hugombana. Mashine ina mikanda mitatu, umekatika mmoja. Mweka hazina anauliza, "Mbona tununue mitatu?" Swali ni la haki, na jibu ni hili: mikanda ya zamani imeshanyooka. Ule mpya ni mfupi kuliko wenzake, kwa hivyo unabeba mzigo karibu peke yake na kukatika mapema. Hapo mtalipa nauli mara ya pili na kupoteza wateja tena. Badilisheni yote pamoja, ya kampuni moja na alama moja. Ile ya zamani iliyo nzima ifungwe pamoja, iwe akiba ya dharura.

KUFUNGA

1. Zima injini kabisa. Kama ni mota ya umeme, zima swichi kuu, na mtu asimame hapo asije mwingine akaiwasha.

2. Legeza boliti na usogeze injini karibu na kinu. Usiulazimishe mkanda kwa bisibisi au mtaimbo, kwa maana nyuzi za ndani hukatika na wewe huzioni.

3. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli mbili. Kama nyuso zinalingana, uzi uguse kila puli pande zote mbili. Puli zikiwa upande upande, mkanda hulika ubavu mmoja.

4. Kaza, kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Pakiwa na mita moja kati ya puli na puli, ubonyee kama milimita 16. Ukilegea utateleza na kuungua. Ukikaza mno utaua beringi.

5. Mkanda mpya hunyooka. Baada ya siku moja ya kazi, zima na upime tena.

KUTUNZA

Kila wiki, mashine ikiwa imezimwa, angalia nyufa, mbavu zinazong'aa na vumbi jeusi la mpira chini ya puli. Mkanda ukipiga kelele, usipake sabuni, lami wala grisi. Tafuta kwa nini unateleza. Dizeli na oili hulainisha mpira, kwa hivyo pangusa upesi. Mkanda wa akiba ukae mahali pakavu pasipo jua, bila kukunjwa.

KIFUNIKO

Jamani, hili si la mzaha. Leso, shuka au mkono wa sweta ukinaswa na mkanda, humvuta mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za namna hiyo zikingwe. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza kifuniko cha mabati na wavu. Kikitolewa wakati wa kufunga mkanda, kirudishwe kabla ya kuwasha. Watoto wasubiri nje.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mikanda ya mashine yetu ina alama gani? Nani ameiandika?

2. Mashine ikisimama siku mbili, kikundi hupoteza shilingi ngapi? Linganisheni na bei ya mikanda yote.

3. Kila siku ya kusaga tuweke kando shilingi ngapi za mikanda?

4. Kifuniko chetu kipo? Kama hakipo, nani atamwona fundi wiki hii?