Kuchagua Intaneti ya Nyumbani

Siku hizi mzazi mwenye duka pale mjini Mbulu, au jirani mwenye kompyuta hapa Endagikot, aweza kumwita mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na kumwuliza, "Wewe wasoma fizikia, hebu niambie, nichukue intaneti ya kampuni gani?" Swali hili si dogo. Malipo ni ya kila mwezi, na makampuni mengine hutaka mtu afunge mkataba wa mwaka mzima. Yafaa tujifunze kulijibu kwa hesabu, wala si kwa kufuata matangazo.

Kwanza tutazame zamani. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, aliyetaka intaneti nyumbani alitumia waya wa simu. Modemu ilipiga namba, ikalia kwa milio ya ajabu, na muda wote huo hakuna aliyeweza kupiga simu nyumba ile. Marekani kampuni ya AOL iliendelea na huduma ya namna hiyo mpaka tarehe 30 Septemba, 2025.

Modemu bora ya wakati ule ilipokea biti 56,000 kwa sekunde. Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana biti si baiti. Biti 8 hufanya baiti 1. Gawanya 56,000 kwa 8, wapata baiti 7,000 kwa sekunde. Sasa chukua somo moja la video lenye megabaiti 210. Kwa modemu ile lingechukua sekunde 30,000, yaani saa 8 na dakika 20. Kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde, somo lile lile lachukua dakika 2 na sekunde 48. Hakikisha mwenyewe kwa kalamu.

Basi tangazo likisema "mega 10", fahamu kuwa wauzaji huandika kasi kwa biti, lakini kifurushi hukipima kwa baiti. Kifurushi cha gigabaiti 20 chatosha masomo kama 95 ya namna ile. Nyumba ya watu wanne, kila mtu akitazama somo moja kwa siku, hakimalizi siku ya 24. Tena simu nazo hujisasisha zenyewe usiku, na kifurushi hupungua watu wamelala. Na palipoandikwa "bila kikomo", soma maandishi madogo: mara nyingi ukipita kiasi fulani kasi hupunguzwa.

Njia ziko tatu. Faiba ni nyuzi za kioo zipitishazo mwanga kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo njia bora, na TTCL huiuza mpaka majumbani, lakini haijafika kila mtaa. Usiulize, "Faiba ipo Mbulu?" Uliza, "Yafika mlangoni kwangu? Na kama haifiki, nani atalipia nguzo na waya?"

Setilaiti hufika popote palipo na mbingu wazi. Zile za kale hukaa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Ishara hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, jumla kilometa 144,000, hivyo huchelewa karibu nusu sekunde hata kasi ikiwa kubwa. Zinazoruka chini, kwenye kilometa 550 hivi, hazina ucheleweshaji huo. Kabla ya kununua chombo chake, hakikisha kwamba mwuzaji ana leseni ya TCRA.

Mnara wa simu ndio utakaowafaa wengi wetu, na hapo pana kazi. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde, na mawimbi ya redio, hasa yale ya masafa ya juu, huzuiwa na mlima. Nyumba ya kilimani yaweza kupata intaneti safi, na ya bondeni, umbali wa kutupa jiwe, isipate kitu. Kwa hiyo sifa za jirani hazitoshi. Azima simu zenye laini za makampuni mbalimbali, upime kasi mahali pale pale ruta itakapokaa, asubuhi na tena saa 2 usiku, kwa kuwa mnara hugawa nguvu zake kwa wote wanaoutumia. Andika vipimo vya siku tatu. Mimi hutazama kile cha chini kabisa, maana ndicho utakachoishi nacho. Wala sipendi mkataba wa mwaka kabla ya kuonja mwezi mmoja.

Jambo jingine ni njia ya kampuni kwenda ng'ambo. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai, 2009, ukafuatwa na EASSy. Mwezi Mei, 2024, nyaya hizi mbili zilikatika pamoja, na nchi nzima ikataabika.

Zoezi. Nyumba hutumia gigabaiti 3 kila siku. Kampuni ya kwanza huuza gigabaiti 60 kwa Sh. 60,000, ya pili huuza bila kikomo kwa Sh. 85,000 kwa mwezi. (Bei ni za mfano tu.) Kwa siku 30, ipi ni nafuu? Je, jibu litabadilika nyumba ikitumia gigabaiti 2 kwa siku?