Kuhesabu kwa Uaminifu: Takwimu kwa Anayechunguza Lugha



Wengi wetu tulipoanza masomo ya falsafa tulidhani tumeagana na hesabu. Tulijiandaa kwa mantiki, metafizikia na historia ya falsafa. Basi somo la mbinu za utafiti lilipotuletea takwimu, minong'ono ilisikika darasani. Katika makala haya tunapenda kuwashirikisha tulichojifunza, tukianza na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Kikundi chetu kilipewa zoezi la isimu tumizi, yaani tawi la isimu linalotumia maarifa ya lugha kutatua matatizo ya maisha, kama vile katika kufundisha na kutafsiri. Tulichagua swali lililo karibu na utume wetu: je, waamini wanaelewa maneno ya katekesi kama neema, ukombozi na toba? Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, tulisimama nje ya kanisa tukawauliza waliokubali kuzungumza nasi. Wazee walieleza vizuri. Vijana wengi walibabaika. Jioni ile tukaandika hitimisho: "Vijana wa parokia hii hawaelewi lugha ya katekesi." Tulikuwa tayari kumpelekea paroko taarifa hiyo, pamoja na pendekezo la kubadili mafundisho ya vijana.

Mwalimu wetu aliisoma, kisha akauliza maswali matatu. Mliwauliza akina nani? Walikuwa wangapi? Mnajuaje kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati tu? Hatukuwa na jibu hata moja. Maswali hayo ndiyo mlango wa kuingilia kwenye takwimu, tuyapitie moja moja.

Swali la kwanza: akina nani?

Mtafiti hawezi kumuuliza kila mtu. Anachagua wachache, yaani sampuli, ili kupitia hao aseme jambo kuhusu wote. Mpishi naye haonji sufuria nzima. Anachota kijiko kimoja, lakini kwanza anakoroga. Asipokoroga, ataonja mafuta yaliyoelea juu na kusema mchuzi wote ni mafuta.

Sisi hatukukoroga. Vijana wengi wa parokia ile husali Misa ya pili, wala hawakuwepo. Wazee waliobaki kuzungumza nasi walikuwa wengi wao viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, watu waliohudhuria semina nyingi. Tulilinganisha vijana wachache na wazee waliofundishwa zaidi, tukasema tumelinganisha vijana na wazee. Njia bora ilikuwa kupata orodha ya waamini wa kila jumuiya na kuchagua majina kwa kura, ili kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuulizwa.

Swali la pili: wangapi?

Taarifa yetu ilitaja asilimia tu. Asilimia bila idadi huficha mengi. Ukisikia kwamba asilimia 50 ya vijana walishindwa, uliza kwanza: ni 2 kati ya 4, au 200 kati ya 400? Wastani nao una mitego yake. Watu watano wakipata alama 2, 2, 3, 3 na 10 katika jaribio la msamiati, wastani wao ni 4, ingawa wanne kati yao hawakufika hapo. Alama ya katikati, ambayo hapa ni 3, inawaeleza vizuri zaidi. Ndiyo maana mtafiti hutazama pia jinsi alama zilivyotawanyika.

Swali la tatu: je, ni bahati?

Hapa ndipo tulipopata shida zaidi, na ndipo mwanafunzi wa falsafa anapofurahi baadaye. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme tumechagua kwa kura vijana 30 na wazee 30, tukawaomba waeleze neno "ukombozi". Vijana 15 wameeleza vizuri, na wazee 21. Hiyo ni asilimia 50 dhidi ya asilimia 70. Tofauti inaonekana kubwa, sivyo?

Tutumie jaribio la kai-skwea, ambalo Karl Pearson alilichapisha mwaka 1900. Tunaanza kwa kudhani kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya vijana na wazee. Waliopata ni 36 kati ya 60. Kama umri hauna uhusiano na jambo hili, tungetarajia kila kundi liwe na 18 waliopata na 12 waliokosa. Kila hesabu halisi imepishana na tarajio kwa 3. Tunazidisha 3 kwa 3, tunapata 9, kisha tunagawa kwa kila tarajio: 9 kwa 18 mara mbili, na 9 kwa 12 mara mbili. Tukijumlisha 0.5, 0.5, 0.75 na 0.75 tunapata 2.5.

Katika jedwali la namna hii, kipimo kinachotumiwa kwa kawaida ni 3.84. Kama kweli hakuna tofauti, bahati peke yake hufikia au kupita namba hiyo takriban mara 5 katika 100. Sisi tuna 2.5 tu. Kwa hiyo hatuna ushahidi wa kutosha kusema makundi haya yanatofautiana. Lakini tangeulizwa watu 100 kila upande, na asilimia zikabaki zile zile 50 na 70, jibu lingekuwa takriban 8.33, na hapo tungeweza kusema.

Kuna tahadhari mbili. Kukosa ushahidi wa tofauti si kuthibitisha kwamba makundi ni sawa. Tena, hata tofauti ikionekana, hatujajua chanzo chake. Huenda si umri, bali ni miaka ya mafundisho ambayo mtu amepata.

Mfano kutoka nyumbani mwetu

Asidhani mtu kwamba kuhesabu maneno ni kazi ya watu wasio na sala. Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia (1913–2011), alipochunguza dhana ya uwepo katika maandishi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aligundua kwamba haitoshi kufuata maneno makubwa. Fundisho lilijificha pia katika neno dogo la Kilatini "in", yaani "ndani ya". Aliandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000 ili kulifuatilia. Mwaka 1949 alikwenda kwa Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, kuomba msaada wa mashine. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 30 ikazaa Index Thomisticus, mabuku 56 yanayoorodhesha maneno yapatayo milioni 11. Hesabu haikuchukua nafasi ya tafakari. Ilimwonyesha mahali pa kutafakari.

Kwa anayeanza

Andika swali lako kabla ya kukusanya data, usije ukalitunga kufuata majibu. Anza na jedwali dogo ulihesabu kwa mkono, kama tulivyofanya hapo juu. Ukishaelewa, tumia kompyuta. Programu ya R inapatikana bure. Na kila unapotaja asilimia, taja idadi.

Sisi tuliandika upya hitimisho letu: "Baadhi ya vijana tuliozungumza nao baada ya Misa ya kwanza walishindwa kueleza maneno matatu tuliyowauliza." Ni sentensi nyonge kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kweli. Ile ya kwanza ingewapa vijana wa parokia nzima jina la wasioelewa, na wengi wao hatukuwahi hata kuwauliza. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na tumejifunza kwamba hata namba zinaweza kutoa ushahidi huo.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:
1. Ni mara ngapi tunasema "waamini wanataka" au "vijana hawapendi" baada ya kusikia watu watatu?
2. Katika jumuiya yetu, ni akina nani ambao hawaulizwi kamwe?