Tujifunze Kusoma Kichupa cha Chanjo

Mama anatoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni. Anatembea saa mbili mpaka zahanati. Mtoto anachomwa sindano, analia, wanarudi. Mama anajua mtoto kapata kinga. Lakini kama chanjo ile iliharibiwa na joto, mtoto kachomwa bure. Kwa macho tu huwezi kujua, maana chanjo nzima na chanjo iliyoharibika kwa joto zinafanana.

Katika zahanati chanjo hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Sentigredi. Friji hiyo yaweza kuwa ya umeme, ya gesi, au ya nguvu ya jua. Asubuhi na jioni mhudumu anasoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi. Hata Jumapili, maana joto halina sikukuu. Siku hizi viko pia vipimo vidogo vya betri vinavyokumbuka joto la siku 30. Friji ikizidi nyuzi 8 kwa muda wa saa 10, kipimo kinaonyesha alama ya hatari. Mhudumu analala, chenyewe hakilali.

Sasa tutazame kichupa. Vichupa vingi vina alama ndogo: duara lenye rangi iliyokoza, na ndani yake mraba. Alama hii ilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio ya matone. Mraba una dawa inayobadilika rangi polepole kwa joto. Ukishakoza haurudi kuwa mweupe, hata kichupa ukikirudisha kwenye ubaridi.

Isome hivi. Mraba ni mweupe kuliko duara: chanjo yafaa, kama tarehe yake haijapita. Mraba una rangi sawa na duara, au umekoza zaidi: chanjo isitumike.

Je, baridi ikizidi ndiyo bora? Wengi tunafikiri hivyo. Sivyo! Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika. Na ile alama inaonyesha joto tu, barafu haionyeshi. Ndiyo sababu kipimajoto kinatakiwa vilevile.

Niliwahi kukuta friji ya chanjo imejaa soda za wageni. Zahanati siitaji. Kila aliyetaka soda alifungua mlango, ubaridi ukatoka. Friji ilikuwa nzuri, ila matumizi yalikuwa mabaya.

Mama anaweza kumwambia mhudumu kwa heshima, "Dada, naomba nione alama ya kichupa." Hilo si tusi.

Zoezi. Chora daftarini duara tatu, kila moja na mraba ndani: mraba mweupe, mraba wa rangi sawa na duara, na mraba uliokoza zaidi. Chini ya kila mchoro andika "itumike" au "isitumike". Kisha mjadili katika kikundi: katika zahanati yenu, friji ikizimika usiku, nani anapata habari, naye anafanya nini?