SIMU NI AMANA: SOMO JUU YA KUFUNGUA RUTI KATIKA SIMU ZA ANDROID NA ADABU ZA KUOMBA MSAADA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:



Vijana wetu wengi wenye simu za Android huulizana: "Nataka kufungua ruti, nani atanisaidia?" Mmoja simu yake imejaa na anataka kuondoa programu zilizokuja nayo. Mwingine ameambiwa na wenzake kuwa akifungua ruti atacheza bure michezo ya kulipia. Wa tatu anataka tu kujua simu yake inavyofanya kazi, na huyo tunampongeza, kwani kutafuta elimu ni jambo jema. Lakini wengi huomba msaada huu bila kujua wanaomba nini. Katika somo hili, inshaallah, tutaeleza ruti ni nini, hufunguliwa vipi, ina madhara gani, dini inatuelekeza nini, na mtu aombe msaada kwa nani na kwa adabu gani.

1. RUTI NI NINI?

Android imejengwa juu ya kiini kiitwacho Linux. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa ilikuwa HTC Dream, nchini Marekani, mwezi wa Oktoba 2008. Katika Linux kila mtumiaji ana namba yake. Mwenye namba 0 ndiye ruti, maana yake mzizi, na amri yake hupita juu ya kila kitu: husoma faili lolote, hufuta lolote na hubadili lolote.

Katika Android kila programu hupewa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu, na hufungiwa katika sehemu yake. Mfano wake ni nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi. Programu ya Kur'ani ina chumba chake, ya benki ina chake, na mchezo wa mpira una chake. Hakuna anayeingia chumba cha mwenziwe bila ya ruhusa. Ruti ni shada la funguo zote za nyumba ile. Anayeinunua simu hakabidhiwi shada hilo, na "kufungua ruti" ni kulipata.

Kumbuka basi: funguo zile hazimtambui mwenye nyumba. Yeyote atakayezishika atafungua, awe ni wewe au mwizi.

2. JE, HAJA IPO?

Kabla ya kuomba msaada, jiulize unataka nini hasa. Zamani watu walifungua ruti kwa mambo ambayo leo simu inayafanya yenyewe:

(a) Kupiga picha ya kioo cha simu kumewezekana bila ruti tangu Android 4.0 ya mwaka 2011.
(b) Kuizuia programu isisome majina ya watu wako au isitumie kamera kumewezekana katika Mipangilio tangu Android 6.0 ya mwaka 2015.
(c) Kuweka seva ya siri ya DNS, ambayo wengi huitumia kuzuia matangazo na tovuti chafu, kumewezekana tangu Android 9 ya mwaka 2018.
(d) Kurekodi video ya kioo kumewezekana tangu Android 11 ya mwaka 2020.

Ama programu zilizokuja na simu, nyingi unaweza kuzizima katika Mipangilio. Na simu iliyojaa mara nyingi hupona kwa kufuta video na picha zinazoingia kila siku katika makundi ya WhatsApp.

Haja za kweli zimebaki chache. Miongoni mwake ni kuhifadhi nakala kamili ya data za kila programu, na kujifunza kwa kina namna simu inavyofanya kazi. Ama simu ya zamani iliyoachwa na kiwanda bila masasisho, inaweza kuwekewa mfumo mwingine kama LineageOS, ulioanza Desemba 2016 baada ya kufungwa kwa CyanogenMod. Hilo huhitaji kufuli la simu lifunguliwe, lakini si lazima kufungua ruti.

3. KAZI YENYEWE HUFANYIKA VIPI?

Programu ijulikanayo zaidi leo ni Magisk, iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016. Kabla yake ilitamba SuperSU ya Chainfire. SuperSU hapo awali ilibadili sehemu ya mfumo wenyewe. Magisk huiacha sehemu hiyo kama ilivyo, na hubadili faili dogo linalosomwa simu inapowaka. Hatua zake kwa ufupi ni hizi:

Kwanza, kuhifadhi nakala. Picha, majina, meseji na maandishi yote yahamishwe kwenye kompyuta au kadi. Hatua ya tatu itafuta kila kitu.

Pili, kuruhusu kufunguliwa kwa kufuli. Katika sehemu ya "Kuhusu simu" hubonyezwa nambari ya muundo mara 7, ndipo hufunguka chaguo za wasanidi, na humo huwashwa ruhusa ya kufungua kufuli la OEM.

Tatu, kufungua kufuli la programu inayoiwasha simu. Simu huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kupewa amri. Hapo simu hujifuta yote. Si hitilafu bali ni ulinzi, ili aliyeiba simu asifungue kufuli na kuzikuta siri za mwenyewe.

Nne, kupata faili la kuwashia la simu ile ile, la toleo lile lile, herufi kwa herufi na namba kwa namba. Magisk hulitengeneza faili hilo, kisha hurudishwa katika simu kwa kompyuta. Faili la asili lihifadhiwe, maana ndilo dawa mambo yakiharibika.

Si kila simu hukubali. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia kufuli mwaka 2018. Simu nyingi za Samsung zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazifunguki kwa njia ya kawaida. Akikwambia mtu kuwa ana programu moja ya kufungua ruti ya simu yoyote kwa kubonyeza mara moja, muogope.

4. MADHARA YAKE

(i) Simu kuwa tofali. Mafundi husema hivyo kwa simu isiyowaka tena. Faili la toleo jingine, au umeme kukatika katikati ya kazi, hutosha. Na aliyefungua ruti kisha akalifunga tena kufuli bila ya kurudisha faili za asili anaweza kuipoteza simu kabisa.

(ii) Kupoteza waranti na baadhi ya huduma. Simu nyingi za Samsung zilizotoka baada ya kuanza kwa mfumo wa Knox, mwaka 2013, zina alama ndani ya saketi inayoungua mara moja tu. Ikishaungua hairudi hata ukirudisha mfumo wa asili, na sehemu ya siri ya kuhifadhia faili haifanyi kazi tena.

(iii) Programu za benki kukataa. Nyingi hukagua simu, zikaona kufuli limefunguliwa, zikakataa kufunguka. Mzazi anayepokea ada na matumizi kupitia programu ya simu afikiri hili mapema.

(iv) Kuingiliwa na wezi. Hili ndilo kubwa. Novemba 2016 wataalamu wa Check Point walitangaza habari za programu hasidi iliyoitwa Gooligan. Ilijificha ndani ya programu zilizopakuliwa nje ya duka rasmi, ikajifungulia ruti yenyewe katika simu za Android 4 na 5, na ikavunja usalama wa akaunti za Google zaidi ya milioni 1. Ruti ndiyo ambayo mwizi huihangaikia. Usimfungulie mlango kwa mikono yako.

5. DINI INATUELEKEZA NINI?

Simu si haramu, na kufungua ruti katika simu yako mwenyewe, kwa haja njema, asili yake ni jambo la kidunia lililo halali. Hukumu hubadilika kwa yanayoambatana nalo. Tuyaangalie manne.

La kwanza ni milki. Simu ni ya nani? Kijana anayetumia simu ya mama yake hana ruhusa ya kuifuta na kuibadili bila ya mama kujua na kuridhia. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, amana zirudishwe kwa wenyewe. Aliyepewa simu kuitumia amepewa amana.

La pili ni mkataba. Siku hizi simu nyingi huuzwa kwa mkopo, na huwekewa programu inayoifunga iwapo mnunuzi hakulipa. Kufungua ruti ili kuikwepa programu hiyo ni kuvunja ahadi na kula mali ya watu kwa batili. Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba.

La tatu ni haki za wengine. Kuvunja kufuli la programu ya kulipia ili kuitumia bure ni kuchukua jasho la aliyeitengeneza. Kadhalika kubadili namba ya IMEI, ile inayoonekana ukibonyeza *#06#, ni kosa la jinai katika sheria za Tanzania, na aghalabu hufanywa kuficha simu ya wizi.

La nne ni siri za watu. Suratun Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila ya kuomba ruhusa. Mwenye ruti katika simu ya mtu anaweza kusoma meseji zake na kuona picha za familia yake. Mkiwa mnasaidia, yashusheni macho yenu.

Na iko kanuni ya wanazuoni wa fiqhi kwamba kuondoa madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa. Mchezo wa bure ni manufaa madogo. Kupotea kwa pesa za ada ni madhara makubwa. Pima mwenyewe.

6. ADABU ZA KUOMBA MSAADA

Suratun Nahl, aya ya 43, inatuelekeza kuwauliza wenye ujuzi pale tusipojua. Nayo Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi. Tukiyachanganya mafunzo haya mawili tunapata njia nzuri ya kuuliza:

• Soma kwanza maelezo ya simu yako mwenyewe. Usifuate ya simu inayofanana nayo kwa sura.
• Unapouliza, taja jina na namba kamili ya modeli, toleo la Android, nambari ya muundo, ulichokwisha kufanya kwa mpangilio, na maneno ya kosa kama yalivyoandikwa. Kusema "simu yangu imekataa" hakumsaidii mjuzi kitu.
• Usimpe mtu namba yako ya siri, wala namba ya uthibitisho inayoletwa kwa meseji, wala usitangaze IMEI yako. Msaada wa kweli hauhitaji hayo.
• Pakua programu mahali pake rasmi. Magisk hutolewa na watengenezaji wake katika GitHub. Tovuti nyingine zinazojiita rasmi si zao.
• Ukiona jawabu, tafuta la pili na la tatu. Yakigongana, simama.
• Usiende kwa fundi na laini yako ndani ya simu. Itoe, pamoja na kadi ya kumbukumbu.

Na wewe unayeombwa msaada una adabu zako. Mwambie mwenye simu madhara yote kabla hujaigusa. Lisilokuelea, sema hujui. Imam Malik, Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na ukubwa wa elimu yake amesifika kwa kutoona haya kusema "sijui". Na imo katika mapokezi ya Abu Dawud maana ya kwamba mwenye kujitia kutibu hali hakujulikana kwa utabibu, yeye atabeba dhamana ya madhara. Wanazuoni wamelipanua funzo hilo kwa kila fundi. Ukiiua simu ya jirani kwa kubahatisha, ujue una deni.

HITIMISHO

Hatukuandika somo hili ili kuwakataza vijana wetu elimu ya simu na kompyuta. Tunawahitaji mafundi Waislamu wenye ujuzi na uaminifu. Anayetaka kujifunza ruti atafute simu kuukuu iliyo yake, isiyo na laini wala akaunti ya pesa, ajifunzie hiyo, na awaeleze wazazi wake. Wazazi nao wasimkemee kijana anayeuliza. Wakae naye wasome pamoja somo hili, maana akifukuzwa nyumbani na swali lake atalipeleka kwa asiyemtakia kheri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya mamlaka kati ya programu ya kawaida na ruti.
2. Kwa nini simu hujifuta yote kufuli linapofunguliwa?
3. Taja mambo matatu yaliyohitaji ruti zamani na leo hayahitaji.
4. Rafiki yako ana simu ya mkopo na anakuomba umfungulie ruti ili isifungwe. Utamjibu nini, na kwa dalili gani?
5. Andika ombi la msaada lenye maelezo yote matano yanayohitajika.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.