Mahameli ya milango ya GX 100: kilichokufa ni sponji

Gari yangu ni Mark II ya mwaka 1997, ile ambayo kila mtu hapa anaiita GX 100. Inalala Malindi karibu na bandari, maana nyumba yetu iko ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako hata vespa na mkokoteni hupishana kwa kuombana njia. Kwa hiyo kila usiku inavuta hewa ya chumvi, na kila mchana inakaa juani imefungwa vioo. Injini haijawahi kunisumbua. Kilichokuwa kikiniumiza ni milango kwa ndani. Mahameli ya kijivu, ambayo Toyota waliilaza vizuri juu ya plastiki, ilianza kuvimba kama chapati juu ya moto, halafu ikaachia kwa juu na kuning'inia. Mtu akiegemeza kiwiko, unga wa rangi ya kutu unammwagikia. Siku mama mkwe wangu aliposhuka na buibui lake limejaa unga huo, niliamua kwamba jambo hili halisubiri tena.

Nilianza kwa kumlipa fundi. Akainua kitambaa, akapaka gundi juu ya unga ule ule, akakandamiza, akanambia tayari. Hata wiki mbili hazikutimia, mlango wa dereva ukaachia, na safari hii gundi ilikuwa imepenya mbele ikaacha mabaka meusi kwenye mahameli. Nikauchukua ule mlango, yaani lile kava la ndani, hadi Mwanakwerekwe kwa mzee mmoja anayeshona makochi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ulete niuone."

Akapitisha kidole mgongoni mwa kitambaa, kisha akaniinulia ncha yake: imejaa unga, laini kama bizari. "Unakiona hichi? Kitambaa hakina kosa. Kilichokufa ni sponji. Ukipaka gundi hapa unagandisha vumbi kwa vumbi."

Maneno yale ndiyo yaliyonifundisha kazi yote. Kati ya mahameli na plastiki kuna sponji nyembamba ya poliyurethani, na unyevu na joto ndio maadui wake wakubwa. Maji yaliyomo hewani huivunja taratibu miaka nenda miaka rudi, mpaka inakuwa unga huku kitambaa chenyewe bado kizima. Gari ile ile ingezeeka polepole zaidi kwenye nchi ya baridi na ukame. Hapa Unguja masika na vuli huleta unyevu, na jua linamalizia. Dari za gari kuukuu huanguka kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kama nawe una gari ya umri huu, usikimbilie kununua kitambaa kipya. Fungua kwanza uone. Chomoa waya wa betri, tafuta skurubu kwenye kishikio cha kufungulia na pale pa kuvutia mlango, kisha ng'oa vibanio vya plastiki vya pembeni kimoja kimoja. Usivute kwa hasira. Plastiki iliyopikwa na jua miaka zaidi ya 20 hupasuka kama biskuti, na mimi vibanio vinne vilikatika pamoja na uangalifu wote. Inua kava juu litoke kwenye ukingo wa kioo, chomoa nyaya za swichi.

Hapo nyuma utakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwenye bati. Naomba uitazame vizuri, maana wengi hawaijui kazi yake. Mvua ikinyesha, maji hupita pembeni mwa kioo na kushuka ndani ya mlango, kisha hutoka kupitia matundu ya chini. Nailoni ile ndiyo inayozuia unyevu huo usifike kwenye kava. Kwenye mlango wangu wa dereva ilikuwa imechanwa, bila shaka siku mota ya kioo ilipobadilishwa, na ndio mlango ulioharibika mapema kuliko yote. Nimeweka nailoni mpya nzito, nikaibandika kingo zote. Zibua na yale matundu ya chini, utatoa mchanga wa kutosha.

Kava zote nne nilizibeba begani hadi nyumbani, nikafanyia kazi uani. Usifanyie ndani ya chumba: unga ule unaingia mapafuni na gundi inalewesha. Vaa barakoa.

Kitambaa kwenye gari yangu kimechomekwa kingo zake kwenye mfereji mwembamba wa plastiki. Nilikitoa kwa kisu butu cha mezani, pole pole, nikiandika kwa chaki mgongoni upande upi wa juu na upi wa mbele. Mahameli ina ulalo wake. Ukiirudisha kinyume, mlango mmoja utaonekana mweusi na mwengine mweupe ilhali rangi ni moja.

Halafu kusafisha. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapokata kona. Nilitumia brashi ya nguo kwanza, kavu, nikikung'uta hadi unga ukaacha kutoka. Kisha kitambaa kikaoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kukamuliwa, kikaanikwa kivulini kimelazwa. Maji ya moto yanaweza kukifanya kirudi, na kikirudi hata sentimita 1 hakifiki tena kwenye mfereji. Kwenye plastiki, ile gundi ya zamani iliyoganda niliikwangua, nikasugua na msasa laini, nikafuta kwa spiriti. Usiguse tina wala petroli, plastiki itayeyuka. Kipimo changu kilikuwa hiki: futa kwa kitambaa cheupe, na kikitoka na rangi yoyote, rudia. Mlango mmoja ulinichukua saa tatu, na sijutii hata dakika moja.

Sponji nilinunua ya milimita 3. Ukiiruka, mahameli itagusa plastiki moja kwa moja na gundi itatokeza mbele, kama ilivyonitokea kwa yule fundi wa kwanza. Ule mlango wenye mabaka ndio pekee niliotafutia kitambaa kipya, na rangi iliyokaribia nilikuja kuipata Dar, Kariakoo.

Gundi ni ile ya njano ya mafundi viatu na makochi, lakini uliza inayostahimili joto. Ndani ya gari iliyofungwa juani joto huweza kupita nyuzi 60, na gundi dhaifu hulainika hapo. Ipake nyembamba pande zote mbili, kisha ngoja. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta bila kunata, ndipo ubandike. Mimi nilisubiri kama dakika kumi kwa upepo wa kaskazi. Siku ya mvua iache kabisa, unyevu hukaa juu ya gundi na kuifanya isishike. Anza katikati, telezesha kiganja kuelekea pembeni ukifukuza hewa, sponji kwanza, kitambaa baadaye, na kingo mwisho. Ikishagusana haibanduki tena kwa urahisi, kwa hiyo mwite mtu akushikie ule upande wa pili. Mimi alinishikia mke wangu, na jicho lake kwenye mstari wa kitambaa lilikuwa kali kuliko langu.

Niliziacha kava usiku mzima zimelaliwa na vitabu vizito, kisha nikazirudisha. Siku ya pili nikaipeleka gari Maisara, nikaifunga vioo na kuiacha juani tangu saa nne hadi saa tisa. Nilipofungua niligusa kila kona kwa kidole. Kona moja tu ya mlango wa nyuma kushoto ilikuwa imeinuka, upana wa ukucha, pale nilipoogopa kupaka gundi karibu na ukingo. Nikaifungua, nikaipaka kwa kijiti cha meno, nikaishikilia kwa kidole gumba nikihesabu hadi mia.

Masika mawili yamepita. Dari nayo sasa imeanza kushuka karibu na taa ya ndani, na sponji yake ipo kabatini inangojea kaskazi.