Jani Litulizalo Laweza Pia Kufunga

Watu wengi hufikiri ya kuwa dawa itokayo mtini haiwezi kumdhuru mtu, maadamu haikupita kiwandani. Fikira hii yafaa ipimwe, kwa maana liko jani moja la Asia linalosifiwa sana huko Marekani na Ulaya, nalo huahidiwa kutenda mambo mawili makubwa: kutuliza maumivu ya mwili, na kumtoa mtu katika utumwa wa heroini. Jina lake ni kratom. Wasomaji wetu wenye watoto na ndugu ng'ambo huenda wamekwisha kulisikia. Na hata asiyelisikia, akiwa na mgonjwa wa maumivu nyumbani, au kijana aliyenaswa na madawa ya kulevya, hujaribiwa mara nyingi na sifa za namna hiyo hiyo. Basi na tulitazame jani hili kwa utulivu, faida yake kwanza, kisha hatari yake.

Kratom ni mti wa nchi za Thailand, Malaysia na Indonesia. Ni wa jamaa moja na mbuni, yaani mti wa kahawa tuuonao Kilimanjaro na Bukoba. Tangu zamani wakulima na vibarua wa Thailand ya kusini na Malaysia ya kaskazini wametafuna majani yake mabichi, au wameyachemsha na kuyanywa, wapate kustahimili jua na kazi nzito. Yakitumiwa kidogo huchangamsha kama kahawa. Yakitumiwa mengi hutuliza na kuleta usingizi kama afyuni. Tena tangu karne ya 19 imeandikwa kwamba watu wa huko, walipokosa afyuni, walishika jani hili badala yake.

Sababu yake yaeleweka. Katika jani hilo mna kiini kiitwacho mitrajinini, ambacho wataalamu walikitenga peke yake mwaka 1921. Katika ubongo wa mwanadamu ipo kama milango ambayo kwayo afyuni, mofini na heroini huingia na kufanya kazi yake. Mitrajinini hupita katika milango ile ile, ingawa haiifungui wazi kama mofini. Ndiyo maana maumivu hupungua. Na ndiyo maana mtu aliyeacha heroini, akilitumia jani, huona mateso ya kuacha yakilegea.

Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa sifa zote ni uongo. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa Malaysia kwa wanaume 26 waliozoea kunywa kratom. Kila mmoja alitia mkono katika maji ya baridi kali, akapimwa aweza kustahimili muda gani. Kabla ya kunywa walistahimili kama sekunde 11 kwa wastani. Saa moja baada ya kunywa, karibu sekunde 25. Waliponyweshwa kinywaji kisicho na kratom, hapakuwa na badiliko kubwa. Hayo ni ya kweli, lakini tuyapime kwa kipimo chake: watu 26, waliokwisha kulizoea jani, na baridi ya dakika chache. Mgonjwa wa saratani au wa mgongo ni habari nyingine. Tena idara ya serikali ya Marekani isimamiayo dawa haijaidhinisha dawa yo yote ya kratom kwa ugonjwa wo wote.

Sasa tugeuke upande wa pili. Mlango uletao nafuu ndio huo huo uletao kifungo. Atumiaye kratom kila siku na kwa wingi mwili wake hulizoea. Akiacha ghafula, huumwa misuli na mifupa, hukosa usingizi, hutokwa na machozi na kamasi, huwa na hasira na wasiwasi. Mama akitumia wakati wa mimba, mtoto wake mchanga aweza kuzaliwa akiyapata mateso hayo hayo. Wengine hupata kichefuchefu, kufunga choo na moyo kwenda mbio. Wachache wamepata degedege au madhara ya ini. Zaidi ya hayo, kratom yaweza kulizuia ini lisizivunje dawa nyingine, zikalundikana mwilini kuliko ilivyokusudiwa na mganga.

Vifo navyo vyatufundisha. Huko Marekani wapelelezi wa afya walichungua vifo 27,338 vya kuzidisha madawa, vilivyotokea kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Kratom ilionekana katika maiti 152, nayo ilihesabiwa kuwa sababu ya kifo katika 91. Ni maiti saba tu ambazo hazikuonekana na kitu kingine. Mtu asizifiche hesabu hizi, wala asizikuze. Zaonyesha kwamba hatari kubwa mno i katika kuchanganya.

Tena jani la mkulima wa Thailand si kitu kile kile kiuzwacho dukani. Anunuaye unga katika mfuko hajui nguvu yake, wala uchafu uliomo. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 ya Marekani waliugua ugonjwa wa tumbo wa salmonela, nao uchunguzi ukaonyesha kratom kuwa ndiyo iliyoueneza. Na sasa wafanya biashara wamekitoa kiini kingine, kiitwacho kwa kifupi 7-OH, ambacho katika jani ni kidogo mno, wakakifanya vidonge vikali. Julai 2025 idara ile ya dawa ilipendekeza kiini hicho kiwekwe chini ya sheria kali za madawa ya kulevya. Jani lenyewe halikuhusishwa katika pendekezo hilo. Thailand nayo ililipiga marufuku jani mwaka 1943, ikaliondoa katika orodha ya madawa ya kulevya mwaka 2021.

Huenda msomaji akauliza: je, methadoni wapewayo waraibu wa heroini si ndugu yake afyuni vile vile? Ndiyo, ni ndugu yake. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini yatupasa kuuliza ni nani aushikaye moto huo. Katika kliniki iliyofunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, nguvu ya dawa yajulikana, kipimo chaandikwa, mgonjwa hunywa mbele ya mwuguzi, naye hutazamwa siku kwa siku. Mtu anunuaye unga na kujipimia kwa kijiko gizani hana hata kimoja katika hivyo. Aweza kutoka katika mnyororo mmoja na kujifunga mwingine, asijue hata siku aliyojifunga.

Basi, wazazi na jamaa, mkisikia sifa za jani lo lote lenye kutuliza, ulizeni mambo manne: Kiini chake ni nini? Kipimo chake ni kipi, na nani amekipima? Halipatani na dawa gani? Na mtu akitaka kuliacha, itakuwaje? Asiyeweza kuyajibu hana haki ya kuwauzia. Msimwondoe kijana katika methadoni kwa ajili ya unga wa dukani. Dawa ya namna hii isichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi, wala mama mwenye mimba asiitumie. Na aliyekwisha kuizoea asiache ghafula peke yake, bali amwendee mganga na kumwambia yote.

Neno hili la mwisho ndilo zito. Mwenye maumivu na mwenye uraibu mara nyingi hujificha kwa sababu ya aibu, nasi jamaa zake twaiongeza aibu hiyo kwa maneno yetu makali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyumba ambayo mgonjwa aweza kusema ndani yake bila kuogopa, "Natumia kitu fulani, nami nashindwa kukiacha," imekwisha kumsaidia kuanza safari ya kupona.