Kapasita Kwenye Mlango wa Kutokea wa Saketi: Jinsi ya Kuifundisha

Katika zoezi moja la ufundishaji, mwanachuo alichora ubaoni kapasita iliyowekwa kati ya kikuza sauti na spika ya redio, akaeleza kwamba sauti hupita hapo kuiendea spika. Mtoto wa Darasa la Saba akanyosha mkono: "Mwalimu, umesema mabamba yake mawili hayagusani. Sasa umeme unapitaje?" Mwanachuo akajibu kwamba hilo ni jambo la sekondari, akaendelea na somo. Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tulitambua kwamba mtoto yule ameuliza kiini cha somo zima, na kwamba hatukuwa tumemwandaa mwalimu wake kumjibu.

Kapasita ni mabamba mawili ya metali yaliyotengwa na kitu kisichopitisha umeme. Huhifadhi chaji. Kwenye mlango wa kutokea wa saketi huikuta ikifanya kazi mbili zisizofanana, na makosa mengi ya ufundishaji hutokana na kuzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kusawazisha. Katika kifaa kinachobadili umeme wa nyumbani ili uifae redio, transfoma hupunguza volteji, kisha diodi 4 huuelekeza mkondo upande mmoja. Umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde hutoka kwenye diodi hizo ukiwa mapigo 100 kwa sekunde, kila pigo likipanda na kurudi sifuri. Redio ikilishwa umeme huo huvuma. Kapasita kubwa iliyounganishwa sambamba na mlango hujaa pigo linapopanda, na hutoa chaji yake pigo linaposhuka. Ni kama pipa linalomiminiwa maji kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, huku bomba dogo la chini likitoa maji bila kukatika. Mfano huu ni mzuri, lakini uishie hapo. Anayeubeba hadi kazi ya pili atawapoteza watoto, kwa maana huko kapasita haikai kando ya njia. Imekaa katikati yake.

Jaribio lake ni rahisi. Tutwae seli kavu 4 zenye jumla ya volti 6, diodi nyekundu itoayo mwanga, rezista ya omu 470, na kapasita ya maikrofaradi 2200 ya volti 16. Diodi na rezista zifuatane. Mtoto aguse na kuachia waya wa betri mara mbili tatu kwa sekunde: taa itawaka na kuzimika. Kisha kapasita iunganishwe sambamba na viwili hivyo, mtoto aguse tena vilevile. Taa haitazimika katikati ya miguso. Na akiacha kabisa, mwanga utafifia polepole. Mguu ulio upande wa mstari wa alama ya kutoa uelekee hasi ya betri; kapasita ya namna hii ikigeuzwa huweza kupata moto na kupasuka. Wala tusithubutu kufungua kifaa cha umeme wa ukutani mbele ya watoto, hata kikiwa kimechomolewa, kwa sababu kapasita iliyomo huenda ikawa bado imeshika chaji ya kudhuru.

Sasa turudi kwenye swali la yule mtoto. Vikuza sauti vingi vya betri moja huuweka mlango wao kwenye nusu ya volteji hata pasipo sauti yoyote. Betri ikiwa ya volti 9, mlango hukaa kwenye volti 4.5. Spika ya omu 8 ikiunganishwa hapo moja kwa moja, mkondo wa zaidi ya nusu ampea utapita humo mfululizo, ukiipasha moto koili na kuivuta karatasi ya spika upande mmoja. Kapasita huuzuia mkondo huo usiobadilika, ikaruhusu mabadiliko tu. Lakini mtoto hakukosea: chaji hazivuki pengo. Zinapojikusanya kwenye bamba moja, husukuma zile za bamba la pili zitoke. Fikiria mrija uliojaa maji, katikati umezibwa kwa utando wa puto. Ukisukuma upande mmoja tu, utando hukaza na maji husimama. Ukisukuma na kuvuta, maji ya ng'ambo nayo huenda na kurudi, ingawa hakuna tone lililovuka.

Ukubwa wa kapasita nao una maana. Kwa spika hiyo, maikrofaradi 470 hupitisha vizuri sauti zilizo juu ya mitetemo 42 kwa sekunde. Zikiwa 10 tu, zote zilizo chini ya 2000 hivi hufifia, na muziki hubaki mwembamba, ngoma zimetoweka.

Ili watoto waone, vifaa vilevile vipangwe mfuatano: betri, rezista, kapasita, na diodi mbili nyekundu zilizowekwa sambamba zikielekeana kinyume. Betri ikiunganishwa, diodi moja humulika kidogo ikazimika. Betri iondolewe, na ncha mbili za waya zilizoshika betri ziguswe pamoja: diodi ya pili humulika.

Hapo mwalimu aulize: "Kwa nini ile ya kwanza ilizimika ilhali betri ilikuwa bado imeunganishwa?" Asiharakishe kujibu. Wako watakaosema betri imekwisha. Na wapewe balbu ya tochi, wazipime seli wenyewe, moja moja.